Fuko Aliyechimba Mifereji ya Kangaga

Hadithi yangu imekunjwa.

Mseme: Ikunjue tuione.

Hadithi yangu imekunjwa.

Ikunjue tuione.

Haya, sogeeni. Wewe mwenye kikohozi toka kwenye moshi, kaa huku upande wangu.

Zamani za kale, kale ile ambayo milima ilikuwa bado inanong'onezana, wanyama hawakuwa na kimo maalumu. Leo sungura angelala ndani ya kifuu, kesho asingepita mlangoni. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba Fuko aliingia ndani ya jani akachimba, msiniulize aliingiaje. Mimi nilimwuliza bibi yangu, akaniambia, "Aliingia akiwa mdogo, akatoka akiwa mkubwa. Unataka hadithi au unataka kipimo?" Nikanyamaza. Nanyi nyamazeni.

Alikuwapo Fuko, mchimbaji. Katika bonde lile la mlimani hapakuwa na mfereji ambao makucha yake hayakuugusa. Wanyama walipoitwa kwenye msaragambo, ile kazi ya wote kwa pamoja, wengine walikuja na ngoma, wengine na porojo. Fuko alikuja na makucha. Alitangulia, nao wakamfuata. Macho yake hayakuona mbali, lakini alilaza tumbo chini akajua maji yatapenda kwenda wapi.

Na kazi ya mfereji ilikuwa na kanuni zake. Mfereji huanzia kwenye banio, pale maji yanapokingwa mtoni. Mfereji huishia kwenye ukingo wa shamba. Na ukikosea, usitie kiraka. Rudi kwenye banio uanze upya. Fuko alifundishwa hivyo na baba yake, na baba yake alifundishwa na babu yake. Wala hakuwahi kukosea, kwa hiyo hakuwahi kurudi.

Mkewe aliitwa Nakijwa. Nyumba yao ilikuwa ardhini, chini ya mizizi ya Kangaga, yule anayeota penye unyevu, mwenye majani kama manyoya ya ndege. Juu ya Kangaga ulisimama mkuyu mkubwa. Mkuyu ulimpa Kangaga kivuli, Kangaga akaipa nyumba ya Fuko kivuli, na humo kivulini Nakijwa akajifungua pacha.

Pacha wale walikuwa wekundu, hawana unyoya hata mmoja, ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu. Majina walikuwa hawajapewa. Kwa mila ya mafuko, mtoto hupewa jina akishaota manyoya. Kabla ya hapo hatolewi nje, wala havushwi maji, wala hahamishwi. Anakaa alipozaliwa.

Mwishoni mwa masika yale ukaja upepo. Mkuyu ukang'oka, ukaanguka puu, ukavunja majani yote ya Kangaga. Masika yakaisha, kiangazi kikaingia. Pale palipokuwa na mkuyu pakabaki tundu mbinguni, na jua likaingia bondeni kama mgeni asiyebisha hodi.

Kwanza lilikaa juu ya jiwe. Halafu likasogea kwenye mzizi. Nakijwa akaweka mkono kwenye dari ya nyumba, akaona udongo una joto.

Akamwambia mumewe, "Baba wa watoto, dari inapata moto. Jua likituwakia juu mchana kutwa, hawa wataiva humu ndani kama viazi kwenye majivu."

Fuko akatoka mbio. Akamkuta Kangaga amebakiwa na kichipukizi kimoja tu, kimejikunja, ncha imeingia ndani kama ngumi iliyofumbwa. Akamwomba afungue ule mkono, alitandaze jani lake juu ya nyumba, watoto wapate kivuli.

Kangaga akasema, "Jirani, ningependa. Mizizi yangu iko kwenye chemchemi, na shingoni nina maji tele. Lakini kiganja changu hakina njia ya maji. Nikikifungua kikiwa kikavu, jua litakikausha siku hiyo hiyo. Wewe ni mchimbaji. Nichimbie, nami nitakufunika."

Fuko moyo ukamtulia. Kuchimba ndiyo kazi yake. Akauliza lile swali ambalo kila mchimbaji huliuliza kabla ya kushusha makucha: ukingo wa shamba uko wapi?

Kangaga akafikiri. Kisha akasema, "Sijui. Bado sijafika."

Hapo ndipo kichwa cha Fuko kilipoanza kuzunguka. Shamba gani hili lisilojua ukingo wake? Na anayesema hajafika, mbona yuko hapa anazungumza naye? Akalizunguka lile jani lililokunjwa. Akaligusa huku, akaligusa huku. Nje ilikuwa ndani, ndani ilikuwa nje. Akalifuata kwa kidole kutoka nje, akajikuta katikati, hajui alipitia wapi. Akalifuata tena, akajikuta palepale. Akaketi chini.

Akawaza, aliyejikunja hujua habari za aliyejikunja. Nimwendee Jongoo.

Jongoo alikuwa amelala, amejizungusha kama pete. Fuko akamwamsha kwa adabu. Jongoo akajifungua taratibu, akanyoosha miguu yake yote, mmoja mmoja, na Fuko akangoja mpaka wa mwisho. Kisha akamweleza shida yake.

"Mpwa wangu," Jongoo akasema, "hii miguu unaiona ilivyo mingi. Umewahi kuisikia ikigombana? Haigombani kwa sababu yote inakwenda mbele. Chimba moja kwa moja. Usiende kushoto, usiende kulia. Njia iliyonyooka haina lawama."

Fuko akashukuru, akarudi. Akaingia shingoni mwa Kangaga, akafungua banio, akachimba. Kra, kra, kra. Hakugeuka kushoto, hakugeuka kulia. Kra, kra, kra. Akafika ukingoni, makucha yakatoka kwenye hewa. Maji yakamfuata nyuma, nyororo, na Kangaga akakunjuka mkunjo mmoja. Fuko akapangusa jasho, akasema kimoyomoyo, kazi imekwisha.

Mara akasikia wimbo. Ulikuwa wimbo wa Kangaga, mwembamba kama mlio wa mbu. Mimi nitaimba, nanyi mwitikie "nina kiu".

Fuko wa mtoni,
*nina kiu,*
kushoto kwangu,
*nina kiu,*
kulia kwangu,
*nina kiu,*
jua linakuja,
utaniacha na nani?

Fuko akapapasa. Pale alipoachia mfereji hapakuwa ukingo tena. Alipokuwa akichimba, jani nalo lilikuwa likikua. Ukingo ulikuwa umekimbilia mbele, ukaacha ardhi mpya kushoto na ardhi mpya kulia, kavu zote mbili. Lakini nilifika ukingoni, Fuko akasema. Makucha yangu yalishika hewa. Akapapasa tena. Jani. Akasogea mbele, jani. Akasogea tena, jani.

Akakumbuka kanuni ya baba yake. Ukikosea, rudi kwenye banio. Akarudi mpaka shingoni, akakaa hapo, ameshika kichwa.

Akawaza, nimwendee Konokono. Naye amejikunja, tena nyumba yake yote ni mkunjo.

Konokono alikuwa shemeji yake kwa utani, maana alimwita Nakijwa dada. Alipomwona Fuko anakuja akatoa pembe zake mbili.

"Shemeji, mbona unatembea kama mtu aliyesahau anakokwenda? Dada amekufukuza?"

"Hajanifukuza bado," Fuko akasema.

"Basi nitakuja tena kesho kuuliza."

Fuko hakuwa na kicheko siku hiyo. Akamweleza habari ya ukingo unaokimbia. Konokono akasikiliza, na midomo yake ikaanza kulowa. Sitaki kusema mengi. Nyinyi mnajua Konokono anapenda nini. Akasema kwamba yeye nyumba yake aliijenga kwa kuzunguka, na haijawahi kuvuja. Fuko naye azungushe. Atoe mfereji mmoja kushoto na mmoja kulia, aipitishe ukingoni kote, mpaka maji ya kushoto yakutane na maji ya kulia. "Ndugu wakikutana, shemeji, nani atakuwa na kiu?"

Maneno yale yalikuwa matamu. Fuko akarudi, akaanzia kwenye banio, akachimba. Kra, kra, kra, akazunguka kushoto. Kra, kra, kra, akazunguka kulia. Akaiunganisha mifereji mbele, mdomo kwa mdomo, akafungulia maji. Kangaga akakunjuka mkunjo wa pili.

Maji ya kushoto yakaja mbio. Maji ya kulia yakaja mbio. Yakakutana. Ya kushoto yakangoja ya kulia yapishe. Ya kulia yakangoja ya kushoto yapishe. Hakuna aliyepisha. Yakasimama pale, yakafura, yakafura, yakapasuka yakamwagika nje. Na chini yake, hebu nisikie, nani alikuwa amekaa amefungua kinywa? Konokono. Alikunywa mpaka pembe zikanyooka. Halafu akaanza kulamba ukingo wa jani kama anayelamba sufuria ya uji.

Na ukingo ukasogea tena. Ule mfereji wa kuzunguka ukabaki katikati ya jani, umebana, kama mkufu wa mtoto uliosahaulika shingoni mwa mtu mzima. Wimbo ukaanza.

Fuko wa mtoni,
*nina kiu,*
kushoto kwangu,
*nina kiu,*
kulia kwangu,
*nina kiu,*
jua linakuja,
utaniacha na nani?

Fuko akaufukia ule mkufu kwa matope, wote. Akaubakiza ule mfereji wa kwanza uliokwenda moja kwa moja, si kwa kuwa alijua una faida, bali kwa kuwa alichoka kufukia. Akarudi kwenye banio.

Jioni akaingia nyumbani. Jua lilikuwa limefika kizingitini siku ile, na udongo wa mlangoni ulikuwa umepasuka. Nakijwa hakumpa pole. Alisema, "Watu waliniambia naolewa na bingwa wa mifereji. Naona nimeolewa na bingwa wa kwenda na kurudi."

Fuko akajieleza. Moja kwa moja imekataa. Kuzunguka kumekataa. Ukingo upo na haupo. Kangaga yuko na hajafika. Alivyozidi kueleza ndivyo mwenyewe alivyozidi kupotea, mpaka akasahau kama alikuwa anajibu au anauliza. Nakijwa akamgeuzia mgongo, akawalamba watoto wapoe.

Asubuhi Fuko akamwendea Kinyonga. Mkia wa Kinyonga umejikunja. Ule mkia ukiuona utadhani ni Kangaga mchanga. Alimkuta kwenye tawi, jicho moja linamtazama Fuko, la pili linamtazama nzi.

Kinyonga akamsikiliza kwa jicho moja. Akasema, "Mjukuu wangu, haraka yote hii ya nini? Shamba lisilojua ukingo wake halijawa shamba. Liache likue, lifike linakofika, likae kitako. Ndipo ulipime, ndipo uchimbe, mara moja tu, bila makosa."

Sasa hili, wanangu, lilikuwa shauri zuri kuliko yote. Lilifanana na maneno ya baba yake Fuko. Lilifanana na akili. Hata mimi nikifika hapa huwa namwambia Fuko moyoni, msikilize mzee. Na kila mara najuta.

Fuko akaenda akakaa kando ya jani, akangoja likue.

Jani halikukua. Fuko akangoja. Jani nalo lilikuwa linangoja. Fuko alimngoja Kangaga afike, Kangaga alimngoja Fuko alete maji, na kila mmoja alimwona mwenzake mvivu. Jua peke yake ndilo halikungoja mtu. Likapita kizingiti. Likapanda juu ya dari. Ukingo wa jani ukageuka rangi ya tumbaku, ukajikunja upya, lakini huu haukuwa mkunjo wa kuzaliwa.

Na wimbo ukaja mdogo sana. Itikieni polepole.

Fuko wa mtoni,
*nina kiu,*
kushoto kwangu...
jua limekuja.

Haukuendelea.

Fuko akashuka nyumbani. Ndani mlikuwa na joto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Nakijwa alikuwa amelala ubavu, mgongo wake ameuelekeza kwenye dari, ameufanya yeye mwenyewe kuwa kivuli. Pacha walikuwa wamelala kwenye tumbo lake, mmoja titi la kushoto, mmoja titi la kulia. Hawakuwa wanalia. Fuko angependa nyumba yenye kilio kuliko ule ukimya.

Akakaa chini. Hakuwa na swali la kuuliza, kwa sababu maswali yote yalikuwa yamefungamana kichwani kama nyuzi. Akavuta moja lililokuwa karibu.

"Mama watoto," akasema, "wewe ulijuaje kwamba watakuwa wawili?"

"Sikujua."

"Uliwapangaje, basi?"

"Alikuja mmoja, nikamweka hapa. Akaja mwingine, nikamweka hapa."

"Na kama angekuja wa tatu?"

Nakijwa akageuza kichwa akamtazama. "Akishakuja ndipo ningemtafutia mahali. Au wewe ulitaka niwarudishe wote tumboni nianze kuhesabu upya?"

Fuko akanyoosha mkono. Akampapasa wa kushoto, akampapasa wa kulia.

Akaona. Tena hakuona vizuri, aliona kama mtu anayeona njia kwenye ukungu, hatua moja tu mbele ya mguu. Kila mara jani lilipozaa upande mpya, yeye alirudi kwenye banio. Alikuwa anawarudisha watoto tumboni ahesabu upya. Na walipokuwa wanahesabiwa, wengine walikuwa wanazaliwa.

Akatoka bila kuaga. Akaingia shingoni mwa Kangaga. Akalifikia banio, na hapo makucha yake yakasita, maana alisikia sauti ya baba yake masikioni: mchimbaji gani wewe, unatia kiraka? Akasema, "Baba, nisamehe, watoto wamekwisha kuja." Akapita.

Akaufuata mfereji ule wa kwanza mpaka mwisho wake, pale alipowahi kushika hewa na sasa palikuwa katikati ya jani. Akasimama pale. Kushoto kukamwita. Kulia kukamwita. Aende wapi? Hakujua. Akageuka kushoto, moyo ukaenda kulia. Akageuka kulia, moyo ukaenda kushoto. Jongoo angesema usigeuke. Konokono angesema zunguka. Kinyonga angesema ngoja.

Fuko akasema, "Sijui." Akachimba kote kuwili.

Kra, kra, kushoto. Kra, kra, kulia. Mfereji mmoja ukawa panda, kama panda ya manati. Maji yakafika kwenye panda, yakagawanyika bila ugomvi, haya huku, haya huku. Ule ukingo wa rangi ya tumbaku ukameguka ukaanguka, na nyuma yake pakatokeza ukingo mpya, laini, wa kijani.

Nao ukasogea. Fuko hakushangaa tena, ila alichanganyikiwa vilevile. Akaenda mwisho wa mfereji wa kushoto, akasimama. Kushoto au kulia? Sijui. Akachimba kote kuwili. Akaenda mwisho wa mfereji wa kulia, akasimama. Kushoto au kulia? Sijui. Akachimba kote kuwili. Ukingo ukasogea. Kila mwisho ukazaa wawili, na kila mmoja wa wale wawili, ukingo uliposogea, naye akazaa wawili.

Mlielewe hili. Fuko hakuwahi kulijua jani lile lote. Mngemwuliza lina umbo gani, angewajibu ni giza na maji. Alijua pale tu aliposimama, na njia mbili zilizokuwa mbele yake.

Konokono akaja. Alikuwa ameona maji yanapita na hayamwagiki, na koo lake limekauka. Akapanda kwa chini ya jani, akaita kwa sauti ya mapenzi, akamwambia Fuko kwamba anaona huruma ndugu hawa wanaachana kila hatua. Huyu anakwenda huku, huyu anakwenda huku, hawatajuana. Je, asingewaunganisha japo mara moja tu, hapa karibu na yeye alipokaa?

Fuko hakuacha kuchimba. "Shemeji, haya maji kila mkondo una mtoto wake unakwenda kumnyonyesha. Nikiyakutanisha hapo, watoto watalala na njaa, na wewe utanenepa."

"Maneno makali hayo, shemeji."

"Basi njoo kesho uulize kama nimefukuzwa."

Konokono akangoja. Hapakumwagika tone. Jua likamkuta palepale, na kwa aibu na kiu akajivuta ndani ya nyumba yake, akaufunga mlango kwa ute. Ute ukakauka, ukawa kama ngozi ya ngoma. Mpaka leo kiangazi kikija mtamkuta amejifungia. Ukimgongea hatoki. Anangoja mvua, au anangoja Fuko asahau.

Fuko akaendelea mpaka mifereji ikawa myembamba kama uzi, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuwa mkubwa. Mabega yakakwama. Akasukuma, hayakupita. Mbele kabisa ncha ya Kangaga ilikuwa bado imekunjwa, bado haijafika, na yeye hawezi kuifikia. Huzuni ikamshika. Nani atamalizia?

Akalaza tumbo chini, kama alivyofanya maisha yake yote, asikilize maji yanataka nini. Ukingo ukasogea. Maji yakafika mwisho wa mfereji, yakasimama kidogo, kama yanayojiuliza. Kisha yakapasua njia yenyewe, haya kushoto, haya kulia. Fuko akanyamaza asiyasumbue. Ukingo ukasogea tena. Maji yakasimama, yakajiuliza, yakagawanyika.

Yalikuwa yamemtazama muda wote.

Akarudi kinyumenyume, akatoka. Alipotoka hakuona jua. Alidhani macho yake yamekwisha kabisa. Akashuka nyumbani akipapasa ukuta, na ukuta ulikuwa wa baridi. Nakijwa alikuwa ameweka mkono wake kwenye dari.

"Nani amelifunika jua?" Fuko akauliza.

"Wewe," Nakijwa akasema. "Kaa chini, unatetemeka."

Akakaa. Na pale gizani, kwenye ubaridi ule, mtoto wa kushoto akalia. Wa kulia akamsikia, naye akalia. Wakalia kwa nguvu zao zote, nyumba ikajaa, na wazazi wao wakasikiliza kilio kile kama watu wanaosikiliza ngoma ya harusi.

Manyoya yalipoota wakatolewa nje, wakalazwa chini ya jani la Kangaga, wapewe majina. Wanyama wa msaragambo wakaja wote. Jongoo alikuja amenyooka. Kinyonga alifika watu wanaondoka. Wakamwuliza baba mtu, mtoto wa kwanza aitwe nani? Fuko akawaza, akawaza, akakuna kichwa. Akasema, "Sijui."

Nakijwa akasema jina hilo linatosha. Na yule wa pili, jina akampa yeye mwenyewe. Kwa hiyo watoto wa Fuko wanaitwa Sijui na Twende.

Sasa kesho mkienda mtoni kuchota maji, mtafuteni kangaga penye jiwe lenye unyevu. Msimng'oe. Liinueni jani lake moja mlitazame kwenye mwanga. Mtaiona mifereji. Mmoja unakuwa miwili, na miwili ile kila mmoja unakuwa miwili, mpaka ukingoni, na iliyokwisha kuachana hairudi kukutana. Wapo makangaga wengine ambao njia zao hukutana kama wavu. Hao ni watoto wa mama mwingine, na hadithi yao sikuambiwa. Mkimkuta kangaga mchanga, mwangalieni ncha: huku chini ameshakunjuka, anakunywa, anatoa kivuli, na huku juu bado hajafika.

Na mafuko hawana tena haja ya kuingia kwenye majani. Wanachimba ardhini. Mkiona kifusi cha fuko kimekwenda mbele kidogo kikagawanyika, msimcheke.

Bibi yangu alisema, na mimi nasema: kinachokua hakipimwi kwanza ndipo kilishwe. Mtoto hangoji kupimwa, wala shamba halingoji, wala nyumba ya watu wawili waliooana juzi. Ukisubiri kulijua jambo lote ndipo uanze, litakufia mkononi. Na kila likibadilika ukirudi mwanzo, hutafika. Simama pale lilipofika, hata kama kichwa kinazunguka. Angalia ni nani ana kiu mbele yako. Mpe huyu, mpe na huyu.

Hadithi yangu nimeikunjua.

Mseme: Tumeiona.

Kama ina kivuli, kaeni chini yake. Kama haina, nirudishieni jani langu.